Kulia kwa Nyuki

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimepata mikono. Hatimaye!

Yangu haifai – nakubali humu tu, mbele ya watu siwezi. Februari nzima nimepaka papasi za nyuki, zile pembe zao za kunusia, mwenyewe, jicho kwenye kioo cha kukuzia, gundi kwenye ncha ya sindano, na kila nyuki wa tatu tone linamdondokea usoni. Kwisha habari yake. Papasi ya nyuki ni kama unywele wa kope, utaipaka vipi na vidole vilivyozoea kushika chaki? Nimeua nyuki wengi mno.

Leo Mzee Ebeneza Mwalongo ameniambia, mwalimu, wewe unahitaji mpaka hina. (Mizinga ni yake. Stoo ninayofanyia kazi, hapa nje kidogo ya Makambako, pia ni yake. Ilikuwa ya mbegu, bado inanuka mahindi.) Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema yupo mama mmoja karibu na stendi, anaitwa Bibie, mzaliwa wa Ujiji, mume wake Halfan anaendesha lori la Songea. Ndiye aliyempaka binti yake Mzee siku ya sendofu. Maua madogo kama punje za ulezi, wala hakuna lililogusa lenzake.

Nikamfuata. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, haongei haraka. Nikamweleza. Akanitazama kama mtu anayeuziwa simu mbovu.

“Wanauma?”

Nikasema wakipozwa kwenye barafu hawaumi.

“Na wakiamka?”

Wakiamka wamefungwa.

Akafikiri. “Nitakuja kuwaona.”

Hakuuliza nyuki wanapakwa ili iweje! Watu wote huuliza hilo kwanza. Nimempenda.

Jumatano, 5 Machi

Kaja. Kafunga – ni Ramadhani – na kaja kwa miguu kutoka stendi, katika mvua, mwavuli mkononi, hana tone la tope kwenye baibui. Sijui kafanyaje.

Nikamweleza kazi kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kule Njombe. Ubongo wa nyuki ni kama punje ya ufuta, lakini una pande mbili, kama wetu. Kila papasi inanusa na kupeleka harufu upande wake. Swali langu la digrii ni moja tu: akinusa kwa papasi moja, ni upande upi unaojifunza upesi?

Utaratibu. Nyuki wanalala kwenye barafu. Kila mmoja anaingizwa kwenye kipande cha mrija wa soda, kichwa nje, shingo imeshikwa na utepe. Papasi moja inafunikwa kwa gundi laini isinuse kitu. Wanaachwa na njaa saa mbili. Halafu shule inaanza: napuliza harufu ya karafuu, naigusa papasi iliyo wazi kwa maji ya sukari, nyuki anatoa ulimi, anaonja. Mara sita. Mara ya saba karafuu tupu, bila sukari. Akitoa ulimi, kajifunza. Asipotoa, hajajifunza.

“Kwa hiyo nao wamefunga,” Bibie akasema.

Nikasema ndiyo, mpaka saa saba.

“Wana bahati.”

Akakataa sindano yangu. Katoa njiti ya kiberiti aliyoichonga mwenyewe, ncha haionekani. Nyuki wa kwanza: papasi nzima imefunikwa, usoni hamna kitu. Wa pili vilevile. Kapaka ishirini, hajafa hata mmoja!

Tumepatana hivi: yeye anachagua nani afunikwe kulia na nani kushoto, nusu kwa nusu. Anaandika namba na upande kwenye daftari lake dogo, na hanionyeshi mpaka mwisho. Mimi nafundisha tu namba. Nisije nikampendelea mtu. Hiyo ndiyo sayansi safi, Erica Sanga.

Jumanne, 11 Machi

Nyuki arobaini wamemaliza shule. Tumefika nusu.

Mzee Ebeneza huchungulia kila asubuhi. “Kamwene!” anasalimia mlangoni, kofia mkononi, haingii mpaka aambiwe – kwenye stoo yake mwenyewe. Leo kauliza kwa nini nahangaika na karafuu za dukani badala ya kutumia ulanzi, pombe ya mianzi. Nikamwambia ulanzi wanaujua tangu wazaliwe, ni kama kumfundisha mtu wa Njombe neno mvua. Kacheka mpaka kakohoa. Kasema ni kweli, msimu huu kila kikombe cha ulanzi kina nyuki aliyezama, na ukimtoa anaondoka upande-upande.

Nimeumwa mdomoni. Kosa langu. Bibie kanitazama mdomo ulivyovimba, kageuka ukutani. Mabega yalikuwa yanacheka.

Ijumaa, 14 Machi

Dk. Romani, msimamizi wangu, kapiga kutoka chuoni. Nimesimama njiani kwenye alizeti za Mzee, ndipo mtandao unaposhika.

Niandike hili vizuri, maana nataka kulikumbuka. Kasema: Erica, hili linaweza kuwa jambo kubwa.

Mwezi uliopita nilipomtumia matokeo ya wale nyuki thelathini wa mwanzo, hakuamini. Kila aliyewapima nyuki wa nje kaona papasi ya kulia ndiyo hodari kwa kujifunza harufu. Wangu wameonyesha kinyume! Waliobaki na papasi ya kushoto – kumi na mmoja kati ya kumi na watano wamejifunza. Waliobaki na ya kulia – watano tu. Alisema rudia. Nikasema narudia, tena nyuki themanini. Sasa yeye mwenyewe keshashawishika. Ameliweka kwenye maombi yake ya mradi mpya. Na kongamano la nyuki la Njombe, tarehe 24 Aprili, wamenipa dakika kumi na tano, kichwa cha mada kimeshapelekwa: Nyuki wa Nyanda za Juu Kusini Hujifunza kwa Upande wa Kushoto.

Nyuki wa kwetu! Miye niliyetoka Ipelele na gunia la viazi kichwani kwenda kusoma! Nimemwimbia Bibie habari hizi zote nikiingia stoo. Kauliza, “Hawa wa kwangu bado hujawaona majibu, sivyo?” Nikamwambia najua watasema nini.

Kaendelea kupaka.

Jumatano, 19 Machi

Wa mwisho kesho. Themanini, wanne tu wamekufa. Mimi Februari niliua ishirini ili kupata thelathini.

Bibie kasema baada ya kesho asitafutwe mpaka Idi ipite. Wanawake wa Makambako wote watakuwa uani kwake wamenyoosha mikono.

Alhamisi, 20 Machi

Sielewi.

Nimemaliza saa nane. Nimekaa na orodha yangu, Bibie kafungua daftari lake, anasoma: namba moja, kafunikwa kulia. Namba mbili, kushoto. Naweka alama. Tulipofika namba ishirini nikaanza kuzihesabu alama upya. Arobaini – nikajua. Tukamaliza tu kwa adabu.

Waliobaki na papasi ya kulia: wamejifunza ishirini na tisa kati ya thelathini na tisa. Waliobaki na ya kushoto: kumi na watatu kati ya thelathini na saba.

Kinyume! Kinyume kabisa cha Februari. Si mchanganyiko, si nusu kwa nusu. Kama shati lililogeuzwa.

Nyuki hawageuki ndani ya mwezi mmoja. Jibu lipo moja tu: kachanganya pande. Kafunika kulia, kaandika kushoto. Kakaa amekabiliana na nyuki, kulia kwa nyuki kuko kushoto kwake – kosa la mtu yeyote ambaye hajasoma baiolojia.

Nikamwambia. Nilidhani nimesema kwa upole.

Bibie kafunga daftari. “Mimi? Kulia na kushoto?”

Nikasema si lawama, dada Bibie, ni kazi ngeni.

Akanawa mikono. Muda mrefu, kidole kimoja kimoja. Kafungasha njiti zake kwenye kitambaa. Mlangoni kasema, bila kupandisha sauti: “Mwalimu, ulisema unajua watasema nini. Sasa wamesema.”

Daftari kaliacha mezani.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Stoo iko kimya sana.

Nimejaribu kupaka mwenyewe. Kumi. Saba wamekufa. Mmoja nimemfunga papasi zote mbili na jicho.

Haidhuru. Nitageuza tu: pote alipoandika kulia nisome kushoto. Hesabu inakubali. Nina hakika na Februari, kwa sababu Februari nilipaka mwenyewe.

Jumapili, 23 Machi

Nimekwenda Njombe kwa ajili ya ibada. Baridi, kwaya ya vijana, mchungaji kahubiri karibu saa nzima. Sikumbuki somo. Nilikuwa nahesabu nyuki kwenye migongo ya watu.

Kugeuza siwezi. Mwalimu gani anamgeuzia mwanafunzi majibu kwa sababu hakuyapenda? Lazima Bibie arudie, nimwekee alama mezani, mshale, hii kulia hii kushoto. Nitamfuata kabla ya Idi.

Alhamisi, 27 Machi

Ngoja niandike yote, hata kama mkono unauma.

Nimekwenda kwa Bibie saa tisa. Ua umejaa – wanawake kumi na wawili, labda zaidi, kwenye mikeka na ndoo zilizopinduliwa, harufu ya hina kila mahali. Nilikuwa nimebeba karatasi niliyochora nyuki na mishale. Mishale! Nyekundu na buluu!

Bibie kaniona. Kasema karibu mwalimu, keti, nina mtu. Basi nikakaa kwenye ndoo.

Mbele yake alikuwa msichana anayeolewa Idi pili, anaitwa Safina, mama yake pembeni. Wamekaa wanatazamana, yeye na Bibie, magoti karibu yagusane. Mama akauliza unaanza upande gani? Bibie kasema, “Kulia, kama siku zote.” Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akauchukua mkono uliokuwa mbele yake upande huo – mkono wa kulia wa Safina.

Bila kufikiri. Kama mtu anayevuta mlango wa nyumbani kwake.

Nikaendelea kutazama. Kamaliza kulia, kaingia kushoto. Kila aliposema kulia ilikuwa kulia kwa Safina. Hata mara moja haikuwa kulia kwake.

Nikamwuliza: dada Bibie, ukimpaka mtu amekukabili, unajuaje kulia ni kupi?

Hakuinua macho. “Mkono si wangu, mwalimu. Ni wa bibi harusi. Kulia ni kwake. Miaka kumi na minane napaka watu walionikabili. Nikikosea, anakwenda kulisha keki kwa mkono wenye maua ya kushoto, na mama yake atanijia hapa na kiatu.”

Ua mzima ukacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikaacha.

Kwa sababu niliikumbuka picha. Kwenye simu yangu ninayo picha ya Februari, nyuki wa kwanza kabisa kupakwa na mimi, nilimpiga picha kwa fahari, na kando yake kibandiko nilichoandika kwa kalamu ya wino: KULIA. Nikaifungua. Nyuki anatazama kamera, kichwa kimetoka kwenye mrija, papasi moja inang'aa gundi. Iliyo upande wangu wa kulia.

Nikampa Bibie simu. Kafuta vidole kwanza. Kaiangalia, kaivuta ikawa kubwa, kairudisha ndogo.

“Huyu umempaka kushoto,” akasema.

Nikaichukua simu, nikaitazama tena.

Wote thelathini. Kila mmoja niliyempaka nimemshika hivyo hivyo, uso kwa uso, maana ulimi ndio ninaoutazama. Thelathini, na vibandiko thelathini vya uongo kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Geuza Februari – inakuwa kumi na mmoja kulia, watano kushoto. Inalingana na ya Bibie kama vipande viwili vya sahani iliyovunjika.

Nyuki wa Makambako ni wa kulia, kama nyuki wote waliopimwa. Aliyekuwa kushoto ni mimi.

Sikujua namna ya kuomba radhi mbele ya wanawake kumi na wawili. Nikaomba tu. Nikasema, dada Bibie, nilikuja na karatasi ya kukufundisha kulia na kushoto, naomba radhi, kosa lilikuwa langu tangu Februari. Mama yake Safina akauliza karatasi gani? Ikabidi niitoe. Ikazunguka ua mzima. Walicheka mpaka mmoja akalowesha hina yake na machozi.

Bibie peke yake hakucheka. Akanisogezea bakuli. “Koroga hiyo isigande. Nina watu tisa bado.”

Nimekoroga mpaka adhana. Wakanipa tende na uji wa pilipili manga. Vidole vyangu ni vyekundu mpaka sasa – na havitatoka kabla ya Pasaka, nitamweleza nini mchungaji?

Jumamosi, 29 Machi

Siku mbili nimeandika barua pepe kwa Dk. Romani na kuifuta. Leo nimeipeleka. Sentensi tatu. Nimekosea kuandika pande mwezi wa pili. Picha hii hapa. Matokeo yote mawili, yakisomwa sawasawa, yanasema kulia.

Ajabu, nilipoituma tu nikawa na njaa. Nimekula chipsi mayai mbili.

Alhamisi, 3 Aprili

Idi imepita. Dk. Romani hakunijibu barua, ila leo kapiga.

Hakugomba. Ingekuwa afadhali. Kasema, sauti ya mtu anayetafuta njia: Erica, kongamano limeshachapa ratiba. Maombi ya mradi yameshaingia, na yanasimama juu ya ule upande wa kushoto. Februari ni matokeo ya awali – wasilisha kama ya awali. Yale ya pili useme yanaendelea kuchambuliwa. Marekebisho utayaweka kwenye tasnifu, taratibu. Hakuna anayekwenda kuhesabu papasi za nyuki wako.

Nikamwambia, lakini daktari, siyo kweli.

Kasema, najua siyo kweli. Nakuomba subira tu.

Ni mtu mwema. Ndilo linalonisumbua. Ndiye aliyeniandikia barua ya kuniombea ruhusa shuleni, ndiye aliyenipa kioo cha kukuzia kutoka mezani kwake. Nikasema nitafikiri. Sikufikiri hata kidogo, nilikwenda moja kwa moja kwa Bibie kumwomba tufanye mara ya tatu.

Kakubali kwa sharti: safari hii mimi ndiye nikae upande wa pili wa meza, nitazame, nijifunze. Sawa, mwalimu wangu.

Jumanne, 8 Aprili

Nyuki arobaini wapya, kutoka mizinga miwili tofauti. Bibie anapaka, Mzee Ebeneza anakagua kila mmoja kwa kioo na kusema kwa sauti upande uliofunikwa, kabla daftari halijafunguliwa. Mzee kavaa miwani ya kusomea Biblia. Anasema “kulia kwa mwenyewe!” kila mara, “kushoto kwa mwenyewe!” – yaani kwa nyuki mwenyewe – kama anatangaza mnada. Mara zote arobaini kalingana na daftari la Bibie. Namba Bibie anazibandika mimi nikishatoka nje, nisijue nani ni nani.

Leo nimepaka watatu chini ya mkono wake. Alinikamata kifundo. “Usibane pumzi, mwalimu. Ukibana, mkono unapiga moyo.” Wawili wamepona!

Jumanne, 15 Aprili

Kulia. Kumi na tano kati ya ishirini. Kushoto, sita.

Sasa nina nyuki mia moja arobaini na sita, na ukiondoa uzembe wangu wote wanasema neno moja. Hakuna mtu Tanzania – hakuna ninayemjua mimi, niseme hivyo – mwenye kazi safi kama hii. Najiamini kuliko mwezi wa pili. Wakati ule nilijiamini juu ya kosa. Sasa nalijua kosa lilipo, nimeligusa, lina kibandiko.

Mzee Ebeneza nilimwambia kwa unyonge kidogo: basi, Mzee, nyuki wako hawana ajabu, wako kama wa Ulaya.

Kavua miwani. “Nyuki wangu wa Makambako wana akili sawa na wa Ulaya, na hiyo si habari? Wewe ulitaka habari gani?”

Nimeiandika kwenye slaidi ya mwisho.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeomba waandaaji wabadilishe kichwa cha mada. Dada mmoja kwenye simu, mpole, kasema ratiba imeshachapwa, labda nitaje mwenyewe jukwaani. Dk. Romani nimempigia mara nne. Anasafiri. Ujumbe kaujibu kwa neno moja: Tutaonana.

Slaidi ya kwanza nimeibadilisha. Ilikuwa na alizeti. Sasa ni ile picha, nyuki anatazama ukumbi, kibandiko cha KULIA kando, na chini: Huyu amefunikwa kushoto. Aliyeandika ni mimi. Majina mawili: Erica Sanga, Bibie Rashidi.

Bibie nilimwuliza kama anakubali jina lake liwepo. Kauliza, “Utasema mimi ni mpaka hina?” Nikasema nikipewa ruhusa. Kasema: “Sema. Ila usinitaje kwa kunihurumia. Nitaje kwa kazi.”

Alhamisi, 24 Aprili. Njombe, ukumbini

Naandika juu ya goti. Mtu wa tatu kabla yangu anamaliza – mizinga ya kisasa, michoro mingi, hatazami saa.

Ukumbi umejaa. Wafugaji wa Makete na Ludewa, maofisa, walimu wenzangu wawili waliotoroka vipindi. Ukungu madirishani, watu hawajavua makoti. Mzee Ebeneza kavaa suti ya ubarikio wa wajukuu. Bibie yuko kulia kwangu, mtandio wa kijani, njiti yake ya kiberiti iko kwenye mkoba, sijui kwa nini kaja nayo na sijamwuliza.

Asubuhi kwenye chai Dk. Romani kanishika mkono pembeni. Kakonda. Kasema dakika kumi na tano tu, Erica, matokeo ya awali, halafu tutakaa mimi na wewe tuyapange. Wenye kuamua juu ya mradi wapo hapa, safu ya mbele. Nikamwambia: nimekusikia, daktari. Sikusema ndiyo. Yeye kasikia ndiyo. Nilitaka kumsimamisha, nimwambie la slaidi, akawa ameshaitwa meza nyingine, anacheka na watu, mkono umeshika bega la mtu.

Nimemfuata tena saa nne, walikuwa wamefunga duara. Nimesimama nyuma ya migongo yao kama mtu wa kupanga viti. Baadaye tukaambiwa tuingie.

Kwa hiyo ataijua pamoja na wote. Sikutaka iwe hivyo. Lakini kurudisha alizeti sirudishi.

Aliyenitangulia kamaliza haraka kuliko nilivyodhani. Makofi. Laptopu yangu imeshachomekwa, skrini bado ni nyeusi.

Bibie kauliza kwa sauti ya chini kama moyo unapiga. Nikasema kidogo. Kanitazama vidole – vimetulia, kweli vimetulia.

Mshereheshaji anasoma ratiba. “Na sasa, ndugu zangu, mwalimu wetu wa hapa hapa Njombe, na nyuki wake wa kushoto!” Watu wanacheka, wanapiga makofi, mtu wa Makete nyuma yangu kapiga mluzi. Safu ya mbele wanafungua madaftari.

Wananiita. Dk. Romani kageuka kwenye kiti, ananipungia, anatabasamu kama baba siku ya harusi. Slaidi ya kwanza bado hajaiona.